Kachumba cha mita 3 kwa 2.5 nataka kiwe ofisi ya nyumbani isiyo na makorokoro, nianze na nini?

Mizania
Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba mawazo maana mi kwenye mambo ya kupanga vyumba ni mtupu kabisa. Nafanya uhasibu nikiwa nyumbani, nawashikia vitabu wafanyabiashara wadogo hapa Dar (duka la vipuri, saluni mbili na jamaa mwenye malori) na nina mteja mmoja yuko Ujerumani tunaonana Zoom kila wiki. Mpaka leo nafanyia kazi meza ya chakula sebuleni, yani ikifika saa moja jioni lazima nibebe kila kitu nipeleke chumbani watu wale, asubuhi nirudishe, na hapo katikati risiti imepotea, chaja imebaki kwenye kochi na mtoto keshachora jua na nyumba kwenye invoisi ya mtu. Shingo inauma, mkono wa kulia nao umeanza kufa ganzi kuanzia kwenye bega.

Sasa kuna chumba kidogo tulikuwa tunatunzia magunia na mabegi, mume wangu kakubali tukitoe. Ni mita 3 kwa 2.5, dirisha moja limeangalia magharibi, soketi moja tu tena iko nyuma ya mlango. Tumepanga, na mwenye nyumba hataki kabisa kusikia habari za kutoboa kuta. Tuko Kimara.

Nilivyonavyo: laptopu ya inchi 14, printa ya wino (inachapa ikijisikia), rauta ya faiba iko sebuleni, na maboksi saba ya risiti na faili za wateja. Bajeti yangu ni milioni moja na laki mbili, haiongezeki hata mia. Naona picha mitandaoni watu wana meza nyeupe juu kuna laptopu na kaua kamoja tu, nataka nifike huko au karibu na huko. Nianze na nini na nini nisihangaike nacho? Meza zile zinazopanda na kushuka kwa umeme zina maana?

Randa na Msumeno
Karibu dada. Mi ni seremala Keko, kwa hiyo nitaongelea meza na kiti, mambo ya umeme na kompyuta watakuja wenyewe.

Kwanza hilo bega. Meza za chakula tunazotengeneza sisi mafundi zinakuwa na kimo cha sentimita 75 mpaka 78, na meza nyingi za ofisi za dukani ni 72 mpaka 75. Hicho ni kimo cha mtu mrefu kidogo. Mtu mfupi akikaa pale anainua mabega siku nzima ili mikono ifike kwenye kibodi, na wewe hata hujui kama umeyainua. Sasa usinunue chochote kabla hujafanya hiki kitu: kaa kwenye kiti ambacho nyayo zako zote zinagusa chini na goti limekunjika sawasawa, acha mikono ining'inie, afu kunja kiwiko kama unataka kuchapa. Mwambie mtu apime kwa futi kutoka sakafuni mpaka chini ya kiwiko. Hiyo namba ndo kimo cha meza yako, au toa sentimita moja au mbili kwa ajili ya unene wa kibodi. Usije kwa fundi ukasema "nataka meza ya ofisi", njoo na namba.

Pili, kataa droo ya mbele. Mafundi tunapenda sana kuweka droo pale katikati kwa sababu inapendezesha, lakini ile droo inashuka sentimita 12 hivi na ndo mahali mapaja yako yanatakiwa yawe. Na ukweli ni kwamba droo ya katikati ndo kaburi la makorokoro, haijawahi kutokea mtu akaifungua akakuta kitu alichokuwa anakitafuta.

Upana (mbele kwenda nyuma) usipungue 60, ukipata 70 ni nzuri zaidi kama utaweka monita. Urefu 120 mpaka 140, chumba chako kinaruhusu. Miguu uchomelewe ya skwea paipu, juu uweke mbao. Kama pesa ipo chukua mninga au mkongo, kama haipo marini bodi iliyopigwa msasa na vanishi inatosha kabisa. Epuka zile za MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) zilizobandikwa karatasi ya rangi ya mbao hasa kwa joto letu hili na unyevunyevu. Nenda dukani kwenye ile iliyokaa muda, pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chini karibu na mguu, utasikia pamevimba kama maandazi, karatasi imeachia na ndani unatoka unga. Maji kidogo tu ya kudekia yanatosha kufanya hivyo. Na ukitengenezesha mbao hakikisha ni kavu, mbao mbichi inajikunja ikiwa tayari iko kwako.

Za umeme za kupanda na kushuka ni nzuri sitasema uongo ila kwa bajeti yako itakula zaidi ya nusu. Achana nazo. Ukitaka kusimama simama ukiwa unaongea na simu.

chuma_ya_dubai
Kiti chukua zile za geming zenye taa dada, ukikaa humo hata kodi unahesabu kwa spidi 😂

Randa na Msumeno
Acha masihara bwana. Dada usimsikilize huyu. Vile viti vimevalishwa ngozi ya plastiki, Dar hii mwezi wa kwanza mgongo unalowa jasho ndani ya nusu saa na ikipita miaka miwili inaanza kubanduka vipande vipande inaganda kwenye nguo. Tafuta kiti cha mtumba cha ofisi chenye mgongo wa wavu, vile vinavyotoka kwenye ofisi za Ulaya na Dubai. Pesa kubwa kwenye bajeti yako iende hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Ukienda kukagua: kaa, kipandishe mpaka juu, afu endelea kupiga stori na muuzaji dakika tano kumi hivi. Kikishuka chenyewe taratibu ule mtungi wa gesi umekufa. Kigeuze uangalie ule mguu wenye matawi matano, wa chuma ni bora kuliko wa plastiki. Zungusha kila gurudumu kwa mkono, nywele zikijaa mle ndani haliendi. Na mikono ya kiti iwe inashuka, la sivyo haitaingia chini ya meza na wewe utabaki umekaa mbali na kibodi umeinama mbele, tumerudi palepale.

Mzee wa Volti
Seremala kamaliza upande wake vizuri. Mi naongelea umeme maana hapo ndo watu wengi wanapoteza hela.

Dada Mizania, hebu tuelewane kitu kimoja, laptopu yako haihitaji UPS (kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika). Ina betri yake ndani. Umeme ukikatika kinachokufa ni rauta, monita na feni. Sasa mtu anaenda kununua UPS ya 650VA ile nyeusi nzito, ndani mna kabetri ka volti 12 na Ah 7, piga hesabu 12 mara 7 ni Wh (wati-saa) 84 kwenye karatasi, ukitoa zinazopotea njiani ukiwa na monita na laptopu unapata nusu saa ukiwa na bahati. Zile zimetengenezwa uhifadhi kazi uzime mashine, sio ufanye kazi.

Kinachokufaa ni kile ki-UPS kidogo cha rauta, kinafanana na pawabenki, kina matundu ya volti 5, 9 na 12. Geuza rauta yako usome kibandiko cha nyuma, nyingi ni 12V na ampea 1 au 1.5, hakikisha kifaa kinatoa hiyo. Na angalia kwenye faiba mara nyingi kuna vidude viwili, kale kaboksi kanakoingia ule waya mwembamba wa faiba na rauta yenyewe, vyote viwili vinataka umeme, ukiwashia kimoja tu utakuwa na waifai isiyo na intaneti ushangae. Wakikuandikia 10,000mAh jua hiyo imehesabiwa kwa volti 3.7, yani ni Wh 37 tu, kwa rauta inayokula wati 8 utapata saa tatu na kidogo. Inatosha kumaliza kikao na Mjerumani.

Ule waya wa faiba unabeba mwanga, hautegemei umeme wa mtaani kwenu, kwa hiyo umeme ukikatika Kimara na nyumba nzima giza wewe bado unaweza kuwa hewani. Na siku hizi tangu bwawa la Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024 habari ya mgao imepungua, kinachotusumbua zaidi ni laini za mitaani kukatika zenyewe mvua ikinyesha, saa mbili tatu inarudi. Kwa hiyo usikurupuke na sola na inveta kwanza.

Siku ukiwa na hela ndo ufikirie inveta. Hesabu yake ni hii: laptopu wati 50, monita ya inchi 24 wati 25, rauta na kaboksi kake 15, taa 9, jumla kama 100. Betri ya kawaida ya 12V Ah 100 ni Wh 1200 lakini zile za risasi ukizikamua zaidi ya nusu zinakufa mapema, kwa hiyo una 600, toa za inveta kuchemka unabaki na 500 hivi, saa tano. Na isiwekwe kwenye hicho kichumba ukiwa umefunga dirisha, inatoa gesi ikichajiwa.

Sasa soketi. Moja nyuma ya mlango. Hapa usifanye ile ya ekstensheni juu ya ekstensheni. Nunua moja nzuri ndefu ya mita 5, yenye nyaya tatu ndani (yani ina ethi kweli), plagi yake ina fyuzi ya ampea 13, na waya mnene usiopinda kama kamba ya viatu. Kuna ekstensheni Kariakoo ukizikata ndani ni nyaya mbili tu, lile tundu la tatu ni pambo. Ishike mkononi, nyepesi sana iache. Na pasi au birika visichomekwe humo hata siku moja.

Mizania
Asanteni sana, nimejifunza mambo ambayo sikuwahi kuyawaza. Nimepimwa leo. Mi ni mfupi wakuu, urefu wangu 157, na sakafu mpaka kiwikoni imekuja sentimita 65 tu. Meza yetu ya chakula ni 77!! Yani nimekuwa nachapa na mikono iko kifuani kama sungura.

Sasa monita. Kweli nahitaji au ni ulafi? Na hiyo printa niiweke wapi?

mtoto wa Tudor
Hujambo dada, mimi niko Mombasa, kazi yangu ni kufasiri na pia nafanyia nyumbani, kwa hivyo hii shida yako naijua. Monita si ulafi. Laptopu ni kifaa kibaya cha kukalia siku nzima kwa sababu skrini na kibodi zimeshikana, ukiweka kibodi mahali pazuri skrini iko chini unainamisha shingo, ukiinua skrini mikono inapaa. Lazima uzitenganishe. Ukiwa huna pesa ya monita, weka laptopu juu ya rimu mbili tatu za karatasi za A4, kila rimu ni kama sentimita 5, halafu ununue kibodi na mausi vya nje. Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini kidogo, na umbali ni mkono wako ukiunyoosha.

Kwa hesabu lakini ningekwambia monita ya inchi 24 kabisa, utafungua jedwali upande mmoja na risiti upande wa pili. Za mtumba zilizotoka maofisini ni nzuri na bei yake haiumizi. Nenda na laptopu yako na kebo yako. Weka picha nyeupe tupu skrini nzima uangalie madoa, kisha nyeusi tupu uangalie nukta zinazowaka. Tazama matundu ya nyuma, nyingi za zamani zina VGA na DisplayPort tu hazina HDMI, muuzaji atakuuzia adapta juu. Na utazame kama nyuma ina yale matundu manne ya skrubu yaliyopangwa sentimita 10 kwa 10, hayo ndiyo ya kufungia mkono wa chuma unaobana ukingo wa meza. Ule mkono unafaa sana kwa mpangaji, hautoboi ukuta, unaibana meza tu, na chini ya skrini panabaki wazi kabisa. Ila usiufunge kwenye meza ya chipbodi, itapasuka.

Kama laptopu yako ina tundu la USB-C usidhani moja kwa moja litatoa picha, kuna yanayochaji tu. Tazama kama pana alama ya radi (Thunderbolt) au ya DisplayPort kando yake, au soma kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Printa nakushauri uitoe. Wino hukauka, na sisi wa pwani hewa ina chumvi, mimi hata pini zangu za stepla zinashika kutu. Piga hesabu unachapa kurasa ngapi kwa wiki halafu uulize steshenari ya mtaani kwenu.

Mzee wa Volti
Hapo kwenye printa napingana na ndugu yetu wa Mombasa. Mhasibu lazima achape, mteja mwingine anataka karatasi yenye mhuri. Atoe hiyo ya wino achukue ya leza nyeusi na nyeupe ya mtumba, tona yake ni unga haikauki hata ukiiacha miezi. Lakini isikae juu ya meza! Na leza ikiwaka inavuta umeme mwingi ghafla, usiichomeke kwenye UPS wala inveta ndogo.

mtoto wa Tudor
Sawa mzee wangu nimekuelewa, lakini bajeti yake umeiona? Steshenari ipo nje ya geti.

Hesabu za Jana
Dada Mizania mi nilikuwa mkaguzi wa hesabu, sasa nimestaafu. Nimewasoma wote hapo juu, wanaongelea meza na umeme na ni sawa, lakini fujo yako wewe haitoki kwenye meza. Inatoka kwenye yale maboksi saba. Hata ukipewa meza ya mninga ya milioni tano, wiki ya pili itafunikwa na risiti.

Risiti za EFD (zile mashine za kodi za madukani) zimechapwa kwenye karatasi ya joto. Iache kwenye chumba chenye dirisha la magharibi au kwenye dashibodi ya gari ya huyo jamaa wa malori, baada ya muda unashika karatasi nyeupe. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, sasa utamwonesha nini afisa wa kodi, karatasi tupu? Kwa hiyo risiti ikiingia mlangoni ipigwe picha siku hiyohiyo kwa simu, kwenye programu ya kuskani inayonyoosha pembe na kutoa PDF, halafu ipewe jina lenye mwaka kwanza. Mfano 2025-03-14_vipuri_dizeli_85000. Ukianza na mwaka, mwezi, siku, kompyuta itazipanga yenyewe kwa mfuatano bila wewe kugusa. Ukianza na siku, zitachanganyika Januari na Novemba.

Karatasi yenyewe baada ya hapo unaitia kwenye bahasha ya mwezi ya mteja husika. Bahasha 12 zinaingia kwenye boksi faili moja, mgongoni andika jina la mteja na mwaka. Mwaka uliofungwa unaondoka chumbani, nenda kaweke juu ya kabati la chumba cha kulala au popote pakavu pasipo na mchwa, sakafuni usiweke. Kwenye ofisi ubaki na mwaka huu tu. Nakuhakikishia maboksi saba yatabaki mawili au matatu.

Na hizo PDF ziwe sehemu mbili, kwenye diski ya nje na kwenye mtandao. Ukiibiwa laptopu na diski ikiwa kwenye mkoba huohuo umekwisha.

Juu ya meza weka trei moja tu ya "zilizoingia leo". Moja. Watu wananunua zile za ghorofa tatu, ile ya chini inakuwa jumba la makumbusho.

chuma_ya_dubai
Mzee shikamoo. Hiyo ya kuanza na mwaka nimeiiba.

Hesabu za Jana
Marahaba kijana. Iba tu.

sauti_ya_kimara
Jirani, na mi niko Kimara huku huku, nafanya kazi ya kupokea simu za wateja wa nje kwa intaneti kwa hiyo nakuongezea ya kelele na mwanga maana hakuna aliyegusa.

Dirisha la magharibi ndo shida yako kubwa kuanzia saa tisa alasiri. Ukiweka meza ukitazama dirisha jua linakupiga machoni, ukilipa mgongo Mjerumani anaona kivuli cheusi kinaongea, na skrini nzima inakuwa kioo cha kujitazama. Kwa hiyo meza ikae pembeni, dirisha liwe kushoto kwako kama unaandika kwa mkono wa kulia. Pazia jepesi jeupe ndani, zito nje yake la kuvuta jua likizidi. Jioni taa ya LED ya wati 9 nyeupe ya kawaida, sio ile ya buluu kama ya buchani, ikimulika ukuta ulio mbele yako, mwanga ukirudi kutoka ukutani unakufikia usoni vizuri. Huna haja ya kununua ile taa ya duara ya wanaojirekodi.

Feni, watu wanapenda ya kusimama iwapulize usoni, kwenye Zoom inasikika kama helikopta na karatasi zinaruka. Iweke upande wa chini ikupulize miguuni na ubavuni. Maikrofoni ya laptopu izime kabisa, vaa hedifoni zenye kimaiki kinachokaa karibu na mdomo, hata za waya za bei ya kawaida, kimaiki kikiwa karibu kinasikia wewe zaidi ya jogoo wa jirani. Zulia na pazia zito vinapunguza mwangwi, chumba kitupu chenye vigae kinalia kama kisima.

Na intaneti usitegemee faiba pekee, weka laini ya simu yenye bando la akiba. Ila jua na hiyo haitakuokoa kila siku, mnakumbuka Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika? Mitandao yote ilisuasua, uwe na faiba uwe na bando ilikuwa kilio kimoja. Siku kama hizo mwandikie mteja mapema tu, habari zinakuwa zimeshafika hata kwao.

Mizania
Jamani nimekaa na mume wangu na kalamu, tumefikia hapa, mnisahihishe. Kiti cha mtumba cha wavu tumetenga laki mbili na ishirini. Meza ya fundi laki tatu. Monita ya mtumba laki mbili na nusu. Kibodi na mausi elfu hamsini, mkono wa monita elfu tisini, ki-UPS cha rauta elfu sabini, ekstensheni elfu arobaini, hedifoni nnazo. Mabahasha, maboksi faili na pazia elfu sitini. Hapo ni milioni moja na themanini, laki moja na ishirini inabaki. Printa naiuza.

Rauta naihamishia humo au ibaki sebuleni? Na nyaya nazifichaje bila kutoboa ukuta?

Halafu kuna lingine, mume wangu naye usiku huwa anataka akae hapo kwa muda wa saa moja hivi, anasoma diploma. Yeye ni mrefu, 182. Meza ya 65 itamtosha kweli?

Mzee wa Volti
Rauta iache sebuleni kama waya wa faiba umeingilia hapo, ukiwaita waihamishe unaweza kulipishwa na ule waya ukikunjwa kona kali unakufa. Pima spidi ukiwa kwenye hicho chumba umefunga mlango. Ikitosha basi. Isipotosha nunua kebo ya mtandao ya mita 10 au 15 ipite pembeni ya sakafu mpaka kwenye laptopu, waya haukupi yale mambo ya kukwama katikati ya sentensi. Kama laptopu haina tundu lake kuna kiadapta cha USB.

Randa na Msumeno
Nyaya: mwambie fundi akupigilie kibao cha sentimita 10 chini ya meza upande wa NYUMA, urefu wa meza yote, kama kihori. Mbele kisifike, magoti. Ekstensheni unaifunga humo kwa skrubu mbili, chaja na adapta zote zinalala humohumo, kinachotoka kwenda ukutani ni waya mmoja tu unaoshuka na mguu wa meza. Juu ya meza toboa tundu moja la sentimita 6 kwenye kona ya nyuma, kebo ya monita na chaja zipite hapo. Za kufungia usinunue, chukua tyubu ya baiskeli iliyochoka ukate pete pete, zinabana vizuri na unazitoa ukitaka, sio kama zile kamba za plastiki ukibana umebana. Na kwa kuwa soketi iko nyuma ya mlango hakikisha waya unapita upande wa bawaba, mlango usiukanyage.

Kuhusu shemeji. Meza inafuata anayekaa saa nyingi, na huyo ni wewe, kwa hiyo 65. Miguu ikiwa ya skwea paipu mwambie fundi wa kuchomelea aache ncha za chini wazi asizizibe. Afu unachonga vigogo vinne vya mbao ngumu, kila kimoja kina kishina cha kuingia ndani ya paipu na bega la sentimita 7 la kukalia. Shemeji akitaka kusoma anainua upande mmoja, anachomeka viwili, anazunguka upande wa pili. Meza inakuwa 72. Ila monita itoke kwanza au mmoja aishike.

sauti_ya_kimara
Kila usiku anyanyue meza kweli fundi? Mi naona ipigwe 72 afu jirani apandishe kiti na aweke kibao cha kukanyagia.

Randa na Msumeno
Inawezekana, na kibao cha kukanyagia nitampa bure kutoka kwenye vipande. Lakini siku nzima miguu ikae juu ya kibao, akitaka kusogeza kiti achukue bahasha lazima ashuke kwanza. Wa saa moja ndo apate usumbufu, wa saa nane akae vizuri. Shemeji kijana huyo, meza haimshindi.

Mizania
Kasoma hapa kacheka, kasema atachonga hivyo vigogo mwenyewe. Tunakwenda na 65. Fundi Jumamosi tukija Keko unakuwepo mpaka saa ngapi, na nije na monita au vipimo vinatosha?

Randa na Msumeno
Vipimo vinatosha, ila njoo umevaa viatu unavyovaa nyumbani ukiwa unafanya kazi, na kama kiti umeshanunua njoo nacho tukipime mikono yake kabla sijakata paipu. Nipo mpaka saa kumi.